Mzee Mshamu na Barua ya Boti Iliyorudishwa Mlangoni

Alhamisi hii, tarehe 30 Juni 2005, Mzee Mshamu Mbonde anakabidhi funguo za masjala ya Shirika la Huduma za Delta, ofisi ya Kibiti, baada ya kulitumikia kwa miaka thelathini na mitatu.

Alianza mwaka 1972 kama tarishi, akisambaza barua Mtunda na Ruaruke kwa baiskeli isiyo na breki. Breki, kwa maelezo yake, zilikuwa kandambili. Baadaye akawa karani wa masjala, na kwa miaka ishirini hakuna jalada lililopotea mikononi mwake, ingawa yapo aliyowaficha makusudi maofisa waliozoea kuyarudisha na madoa ya chai.

Soko huria lilituletea mitumba, soda za kopo na, mwaka 2001, dishi la setilaiti na seva ya barua pepe. Wakubwa wakaamua kwamba seva ni masjala tu yenye umeme. Mzee Mshamu, mwenye miaka hamsini na sita, akapelekwa Dar es Salaam kwa wiki tatu, akarudi na madaftari mawili yaliyojaa hadi kwenye jalada.

Barua taka nazo hazikukawia. Zilitoka kwa wajane wa majenerali na kwa wauza dawa za kuotesha nywele. Mhasibu wetu, Bi Ashura, alimjibu mjane mmoja kumpa pole ya msiba, na kuanzia hapo akawa anapata wajane kumi kwa siku.

Mwanzoni Mzee aliandika majina ya wasumbufu kwenye faili moja, na kila akiongeza jina ilibidi azime kichujio, programu ya seva inayozuia barua taka, na kukiwasha upya, ofisi nzima ikimkodolea macho. Mwaka 2003 akakiunganisha na hifadhidata, ambamo majina hayo yalikaa kwenye jedwali. Sasa barua ikibisha hodi, kichujio kinauliza kwenye jedwali kama mtumaji yumo. Akiwemo, barua inarudishwa palepale pamoja na sababu iliyoandikwa kando ya jina lake. Hakuna kuzima wala kuwasha. Jina likiingia, linaanza kazi sekunde hiyo hiyo. Kazi hiyo ilimchukua siku nne, na siku ya nne alisahau hata chakula cha mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Furaha ndiyo iliyomponza. Mzee ana binamu, Saadi, mtoto wa shangazi yake, ofisa wa makao makuu Dar es Salaam. Binamu kwetu ni watani, na hawa wawili hawaoneani huruma. Kwenye msiba mmoja Saadi aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka Mshamu amwahidi kuku. Basi Mzee, akitaka kulijaribu jedwali lake, akaingiza jina la Saadi, na kwenye sababu akaandika: "Mwizi wa mihogo haruhusiwi." Kabla hajalifuta akaitwa kuangalia kompyuta ya meneja, akasahau.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunasubiri uamuzi kuhusu boti. Wagonjwa wa zahanati ya delta walikuwa wakipigiwa makasia saa sita nzima mpaka Nyamisati, na wengine hawakufika. Makao makuu walikuwa na boti moja ya injini ya kugawa. Jumatatu wakatuandikia: thibitisheni kabla ya Alhamisi saa tisa alasiri kwamba mna nahodha, la sivyo inakwenda kwingine. Aliyetuma barua hiyo alikuwa Saadi.

Ikamrudia na mihogo yake. Mwingine angelalamika. Saadi alicheka mpaka machozi, akaichapa na kuibandika ukutani, akiamini kwamba Mshamu ameshaisoma barua na kumjibu kwa utani kama kawaida. Akakaa kusubiri jibu rasmi.

Alhamisi asubuhi, Bi Mwanawetu, muuguzi wa zahanati, alifika Kibiti akakaa kwenye benchi letu. "Siondoki mpaka nijue," alisema. "Nikirudi mikono mitupu, wale kina mama nitawaambia nini?" Meneja alikwisha kuamua kwamba barua imekwama kwa sababu ya jenereta, na mwenye kuitunza jenereta ni mimi, Rukaiya. Nilikuwa nimeanza kulia.

Saa nane Mzee akafungua kumbukumbu za seva, ambamo kila barua iliyobisha hodi huandikwa. Akauona mstari wa barua ya Saadi iliyorudishwa. Angeweza kuufuta mstari ule na kusingizia mvua. Hakuna mwingine aliyejua kuusoma. Badala yake alisimama, akausoma kwa sauti mbele ya meneja na Bi Mwanawetu, mihogo na yote, akasema, "Kosa ni langu. Rukaiya mwacheni."

Akalifuta jina, akapiga simu Dar. Saadi, akidhani utani bado unaendelea, akamkatia mara mbili. Mara ya tatu Bi Mwanawetu aliichukua simu mwenyewe, na tunasikia kwamba upande wa pili Saadi alisimama wima. Akaituma barua upya, ikaingia saa nane na dakika arobaini. Jibu letu lilitoka saa tisa kasoro dakika tano.

Boti ikaja. Bi Mwanawetu anasema mpaka leo imevusha wagonjwa mia moja na kumi na wawili. Wa saba alikuwa mama yangu, Bi Zawadi, aliyekuwa hajitambui kwa malaria.

Mzee Mshamu, ahsante kwa kusimama alasiri ile. Mungu akupe afya na umri, na shamba lako la Mtunda likuzalie kwa wingi. Mimi nimeshindwa kukuaga bila kulia, kwa hiyo atakuaga mama yangu. Yuko mstari wa mbele, na amekuja kwa boti.