Nusu ya Ofisi, Nusu ya Mwenye Shamba: Miaka Ishirini na Mitano ya Obadiah Maundu

Tarehe 30 Juni 1986, Bwana Obadiah Maundu atafunga mlango wa chumba cha mawe katika ofisi yetu ya jiolojia hapa Voi, akabidhi funguo, na kutembea hadi nyumbani kwake Kaloleni. Atakuwa ametumikia miaka ishirini na mitano na mwezi mmoja.

Aliajiriwa kubeba mawe. Baada ya miaka miwili alikuwa akiyakata. Jiwe hupasuliwa kwa msumeno, kipande chake kikagandishwa kwenye kioo, kisha kikasuguliwa kwa unga wa msasa hadi kiwe chembamba kuliko unywele na mwanga upenye. Hapo ndipo mtaalamu hukitazama kwa hadubini. Wageni wenye vyeti vikubwa walivunja vitatu kabla ya kupata kimoja. Obadiah alivunja kimoja kwa mwezi, na siku hiyo hakunywa chai.

Desturi yake mashuhuri ilizaliwa na kosa. Katika mwezi wake wa kwanza, karibu na Wundanyi, aliona jiwe zuri limesimama kando ya mahindi, akaling'oa na kulitia kwenye gunia. Mwenye shamba alimfuata hadi barabarani. “Kijana, hilo si jiwe,” alimwambia kwa upole. “Hilo ni mpaka wangu na shemeji.” Obadiah alilisimamisha upya mbele ya mashemeji wote wawili, wakibishana juu ya kila inchi. Tangu hapo, kila jiwe alilochukua shambani kwa mtu alilikata katikati: nusu ya ofisi, nusu ya mwenye shamba, zote kwa namba moja. Tulimcheka sana. Bwana Donald Musyimi, mkuu wetu wa wakati huo, alimwita Mchungaji wa Mapacha.

Mwaka 1974 kicheko kilikwisha. Kupita Mwatate kuna bonde la duara, na Bwana Musyimi alianza kuamini kwamba lilichimbwa na kimondo kilichoanguka zamani mno. Halikuwa wazo la kijinga. Mvua za mamilioni ya miaka zinaweza kufuta shimo la kimondo, lakini zile chembe ngumu zing'aazo kama kioo ndani ya mawe hubaki na alama ya pigo: mistari myembamba, iliyonyooka, iliyo sambamba. Ili tulinganishe, tuliazimwa mawe machache kutoka shimo la kimondo linalojulikana ng'ambo ya bahari.

Obadiah aliyaosha yote siku moja, ya bondeni na ya kuazimwa, akayaanika juu ya bati moja, kila jiwe na karatasi yake chini. Upepo wa Voi ukazitawanya karatasi. Aliziokota na kuzirudisha kwa kumbukumbu. Wiki mbili baadaye hadubini ilionyesha mistari katika jiwe la Mama Gertrude, mkulima wa bondeni, na ofisi nzima ikashangilia. Kabla mwezi haujaisha ilikuwapo rasimu ya kuzungushia bonde ua na kuhamisha familia kumi na moja.

Mama Gertrude alikuja ofisini. “Mnasema lilianguka kabla ya babu zangu,” alisema. “Sasa mbona ni mimi ninayehamishwa?” Wale kati yetu wa ofisini tulioondolewa kwetu zamani kwa mstari uliochorwa kwenye ramani tulitazama sakafu.

Obadiah alikuwa akingoja kupandishwa cheo, na upepo ule hakuna mwingine aliyeuona. Angeweza kunyamaza. Asubuhi iliyofuata aliingia kwa mkuu. “Mzee, nadhani tumekosea,” alisema, “na mkono uliokosea ni huu wangu.” Kisha akaenda bondeni. Nusu ya Mama Gertrude ilikuwa imekalia kifuniko cha mtungi wake wa maji. Akaiweka uso kwa uso na ile ya ofisi yenye namba hiyohiyo. Nusu za jiwe moja hukutana kama viganja. Hizi zilikataana. Mwenzi halisi wa nusu ya mama alipatikana kwenye sanduku la mawe ya kuazimwa: karatasi zilikuwa zimebadilishana.

Alikata vipande vipya kutoka nusu za familia zote kumi na moja. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na mstari. Bonde lilichimbwa na maji, polepole. Bwana Musyimi aliichana rasimu kwa mkono wake mwenyewe. Cheo cha Obadiah kilichelewa miaka sita.

Desturi ni desturi, kwa hiyo alimrudishia Mama Gertrude nusu ya nusu yake. “Ukinipima tena, Mzee,” mama alimwambia, “nitabaki na mchanga.”

Siku hizi namba huandikwa kwa rangi juu ya jiwe lenyewe. Susan Ndambuki, anayerithi msumeno, amekwisha kurudisha nusu nane mwaka huu. Naye Obadiah hajakata tamaa. Husema vimondo vimeanguka duniani kote, wala havikuiruka Taita kwa heshima. Ni sisi tu hatujafika mahali penyewe.

Jumamosi baada ya sherehe ya kumuaga amealikwa bondeni. Mama Gertrude anamjengea mwanawe nyumba, na ameomba ile nusu ya ofisi, pamoja na robo iliyobaki huku, ije ilale na ya kwake kwenye msingi. Kibali kimetiwa saini. Litakuwa jiwe la kwanza kutoka katika ofisi hii bila kuacha pacha nyuma.

Asante, ndugu yetu, kwa mkono uliokiri kosa lake. Wewe na mkeo, Mama Jedidah, tunawatakia siku nyingi za amani, juu ya ardhi ambayo hakuna atakayewahamisha.