Teresia Wakesho na Ramani Isiyo na Jina

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Wewe uliye jikoni, hebu acha sufuria kidogo, ongeza sauti. Leo tunamkumbuka Teresia Wakesho, mtunza nyaraka wa chuo kikuu kimoja hapa kwetu. Teresia alituaga Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Moyo ulimsumbua muda mrefu. Jumamosi tukamzika kwao, Werugha.

Kazi yake ilikuwa kutunza karatasi za watu. Barua za familia, vyeti vya ubatizo, ramani za majengo. Ukimpelekea barua ya nyanya yako, kwanza anakuangalia mikono. Kama umetoka kula mahamri, pole sana, hugusi kitu!

Miaka kumi na tano iliyopita alipokea karatasi za marehemu Sylus Mwandoe. Sylus alichora mabweni ya shule nyingi huku milimani, na wala hakuandika jina la shule kwenye ramani. Ya nini, na yote alikuwa nayo kichwani? Mpango uliwekwa na mkewe, Mama Jedidah. Kila ramani aliibana kwa pini pamoja na barua ambayo Sylus alimtumia kutoka kwa mjengo huo.

Sasa lisikieni kosa. Pini hushika kutu, na kutu hula karatasi. Teresia akazitoa zote. Barua akazitia kwenye masanduku, ramani kwenye droo. Kazi safi kabisa. Lakini hakuandika barua ipi ilibanwa na ramani ipi. Hakuandika, jamani.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, mvua ilikuwa ikipiga bila huruma. Teresia alikwenda kumtembelea Sharon, binti wa dadake Alice, katika shule ya bweni ya wasichana. Akaona ufa sakafuni mwa bweni. Kidole kinaingia.

"Ni udongo unashuka tu," akasema mwalimu mkuu, Mwalimu Daisy. "Jumatatu fundi anaziba na simiti."

Teresia akakumbuka kitu. Kule chuoni kulikuwa na ramani ya bweni kama hili, yenye duara la nukta chini ya sakafu. Tangi la maji la zamani, limefunikwa. Lakini Sylus alichora mabweni matatu ya mfano mmoja, katika shule tatu, na ni moja tu lililokuwa na tangi. Je, ndilo hili? Wasichana sitini na wawili walilala mle. Sitini na wawili.

"Niletee uthibitisho, dada," Mwalimu Daisy akamwambia. "Niwahamishe watoto katikati ya mitihani kwa kitu unachokumbuka-kumbuka?"

Dadake, Alice, anasema: "Alinisimulia yote. Nikamwambia, basi mimi namtoa Sharon wangu. Akaniuliza, na wale sitini na mmoja, nani atawatoa?"

Teresia akapanda kwa Mama Jedidah. Akamkuta shambani, akikata nyasi za ng'ombe.

"Mwanangu, mimi nilizibana vizuri. Nani alizitoa?"

"Ni mimi, mama."

Mama Jedidah aliweka nyasi chini. Kisha akasema, "Kunywa chai, halafu urudi ukatafute."

Barua zilikuwa zaidi ya mia tatu. Alhamisi akasoma. Ijumaa akasoma, huku mawingu yakifunga upande wa milimani. Saa sita mchana akaipata barua ya Sylus kutoka shule ile. Ilisema nini? Baridi kali, mke wangu, nitumie sweta. Kuhusu tangi, hata neno. Teresia akataka kulia. Ndipo akaona, pembeni mwa karatasi, vidoa viwili vya kutu. Pini ilipita hapo.

Akaiweka barua juu ya ramani ya kwanza. Vidoa havikukutana. Ya pili, wapi. Akaiweka juu ya ile yenye duara. Kidoa juu ya kidoa, kidoa juu ya kidoa. Kutu ile ile aliyoipiga vita maisha yake yote!

Akampelekea Mwalimu Daisy karatasi hizo mbili, na jioni ile wasichana wakahamia ukumbi wa chakula. Jumapili, wakiwa ibadani, sakafu ya bweni ikazama. Vitanda kumi na kimoja vilitumbukia ndani ya tangi. Hakuumia mtu.

Unadhani alijisifu? Thubutu. Kwenye orodha ya karatasi za Mwandoe, ukurasa wa kwanza, aliandika: "Nilitoa pini bila kuandika. Kosa ni langu." Akatia sahihi. Alice anasema hadi mwisho alikuwa akishtuka akisikia mvua kwenye mabati.

Wasikilizaji wapendwa, lile sanduku lililo chini ya kitanda chako, lifungue leo. Andika hii ni ya nani, ni ya wapi. Usiseme unakumbuka. Sylus naye alikumbuka.

Kwa Alice, kwa Sharon, na kwa jamaa yote ya Werugha, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awatie nguvu.

Pale kaburini, Mwalimu Daisy alipewa nafasi ya kuhutubu. Hakuhutubu. Alifungua rejista ya lile bweni, akaanza kuita majina, moja baada ya jingine, mpaka la sitini na mbili. Na kila jina, msichana wake aliitika.