Mashavu ya Gisa

Kijiwe chetu kiko Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo, karibu na kituo cha mabasi, kwenye benchi la Kompresa, fundi wa baiskeli tuliyempa jina hilo kwa jinsi anavyohema akijaza upepo. Kahawa ni ya Maman Védastine, mama yake Gisa, kijana wetu wa mashindano makubwa ya baiskeli. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba mkojo wa Gisa umekutwa na dawa iliyokatazwa na amesimamishwa. Tulipigwa na butwaa. Mimi nilijimwagia kahawa ya moto kwenye suruali na wala sikushtuka, maana mshtuko wote ulikuwa umeshakwenda kwa Gisa.

KOMPRESA: Haiwezekane! Ile mutoto, velo nilimufundisha miye mwenyewe. Labda bantu balificha motere ya umeme mu velo yake.

Direct, dereva wa pikipiki asiyesimama njiani hata kwa mvua, alimkata kauli.

DIRECT: Papa, banapima mukojo, weye unaleta motere! Motere inapita wapi mpaka ifike mu mukojo?

PRÉFET (mwalimu mstaafu aliyekulia Bukavu): Mutulie. Balibadirisha bichupa. Ule mukojo ni ya Muzungu fulani ule Gisa alimuacha nyuma ku mulima. Jina tu ndiyo ya Gisa.

DIRECT: Hapana, Mzee. Ni gazi ya Kivu! Gisa alizaliwa ku kisiwa ya Nkombo, ile gazi ya mu ziwa anaivuta tangu utoto. Mashini ya Bulaya itaijua?

KOMPRESA: Basi hata samaki ya sambaza bazifungie mashindano!

Siku nyingine tungecheka mpaka benchi litikisike. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

MAMAN VÉDASTINE: Mutoto wangu hata pombe hagusake. Aliapa mu redio. Miye najua hasemi bongo, hadanganyake.

Kando yetu alikuwa amesimama mama mmoja, Josiane, muuguzi kutoka Bukavu, akinywa kahawa huku akisubiri pikipiki.

JOSIANE: Pardon, Maman. Mbele ya mashindano kuanza, alikuwa wapi?

MAMAN VÉDASTINE: Hapa, kwangu. Alikuja tumupeleke kwa wazazi ya Umurerwa, muchumba wake.

JOSIANE: Na alikuwa anakula nini?

Tukaacha kutazamana. Siku zile Gisa alikuwa amefika amekonda, kama wakondavyo watu wa kazi yake, na kwetu kijana asiye na mashavu akipelekwa ukweni, anayesemwa ni mama yake, kwamba hajui kulisha. Mimi ndiye niliyesema hapo hapo kijiweni kwamba suti itamvaa yeye. Préfet akataja vidonge vinavyonenepesha haraka. Direct akavuka mpaka hadi Bukavu na kuvileta mfukoni. Tulijiona watu wa msaada sana.

MAMAN VÉDASTINE: Bile bidonge bya mashavu. Nilibisaga, nikabitia mu buyi, uji yake ya asubuhi. Kila siku, mpaka siku alienda. Ningemuambia angekataa.

JOSIANE: Yesu wangu! Maman, ile ni dawa ya nguvu. Mu mashindano yao inakatazwa.

Kompresa aliangusha pampu. Direct alivua kofia yake ya pikipiki akaishika mapajani. Niliona haya, haya ya mtu mzima, ile inayochoma masikio.

PRÉFET: Miye nilisema tu... bantu benyi banakunywaka ile...



JOSIANE: Na Gisa, anajua?



Maman Védastine alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua simu. Alisogea hatua mbili, lakini tulimsikia wote.

— Gisa, mwanangu. Uko na bantu? Toka inje kidogo.