Tunauaga Mchoro wa Bwana Pell

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mchungaji Aristide, mwenye nyumba hii. Bwana Harold Pell, mgeni wetu wa heshima, pamoja na binti yako. Viongozi na wanachama wa chama chetu cha Waswahili wa Tottenham na Edmonton. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi watoto mlioketi kwa utulivu ambao sikuutarajia: hamjambo? Maureen, mtafsirie Bwana Pell sikioni, wala usitie chumvi.

Naanza kwa kuwaomba radhi. Tangu mnada wa mavuno wa mwaka jana, mimi mwenyekiti wenu nimenyamaza. Sikuandika waraka wala kutuma ujumbe, na najua kwamba ukimya huo umezaa maneno. Wapo waliosema kuwa nimeuza mchoro. Wapo waliosema kuwa nimeutundika sebuleni kwangu. Ukweli ni kwamba jumba la makumbusho lilituomba tusitangaze lolote kabla ya uchunguzi kufika mahali pa kueleweka, nami nikiahidi kunyamaza, hunyamaza. Leo nimeruhusiwa kusema, maana kesho mchoro huu unaondoka kwetu kwenda kuhifadhiwa huko.

Wengi wenu mnamfahamu Maureen, ambaye kila asubuhi hupanda basi kwenda Edmonton kumhudumia Bwana Pell, mzee wa miaka tisini na mmoja. Katika ujana wake Bwana Pell aliajiriwa na kampuni ya Harrowby, iliyofungwa zamani, ambayo ilitengeneza magari ya spoti, yale ya watu wawili yasiyo na paa. Kila alipokunywa chai alimwambia Maureen kwamba gari lile, aliyelichora kwanza ni yeye. Je, ni nani aliyemwamini? Hata jamaa zake walijua tu kwamba kazi yake ilikuwa kunakili michoro ya wakubwa. Maureen naye aliitikia, "Ndiyo, Mzee," huku akimfunga vifungo vya shati.

Aliposikia kwamba tunafanya mnada wa mavuno, Bwana Pell aliuliza watu huleta nini. Akajibiwa: kuku, maboga, ndizi, keki. "Mimi sina kuku," alisema, "basi wapelekee huu," akatoa kabatini mchoro wa penseli usio na jina wala tarehe.

Mnada wetu mnaujua. Anayenunua kitu mara nyingi hakichukui. Hukirudisha mezani ili kinunuliwe tena na kanisa lipate zaidi. Desturi hiyo, ambayo majirani zetu huishangaa, ndiyo iliyouokoa mchoro. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Mama Emérence, naye aliurudisha akisema, namnukuu bila kumsahihisha: "Mimi niko na batoto sita, gari ya batu babili nitaipeleka wapi?" Ukanunuliwa tena, ukarudishwa tena; na kwa kuwa hakuna aliyeondoka nao, ulikuwa bado mezani alipoingia Bwana Surjit kutoka Thornton Heath, amechelewa kama ilivyo kawaida yake.

Bwana Surjit, mzaliwa wa Kisumu, aliiweka sahani yake chini.

"Ngoja kwanza! Hii ni Harrowby. Baba alikuwa nayo Kisumu. Ilimtesa kuliko mama mkwe!"

"Wewe nawe," Maureen alimjibu, "kila gari ilikuwa ya babako."

"Ona hii nundu kwa boneti, dada. Gari gani ingine iko na nundu upande moja, kama ng'ombe imelala vibaya?"

Maureen aliketi. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa yeye. Kisha akasema polepole, "Kumbe Mzee hakuwa anaota."

Lakini, ndugu zangu, kulitambua gari si kumtambua mchoraji. Makumbusho, tulipowapelekea habari hizo, walituuliza swali la haki: tutajuaje kwamba mtu hakulinakili gari lililokwisha kutengenezwa? Jibu alilipata Gakii, binti yetu anayesomea uchoraji chuoni. Aliiinua karatasi mbele ya dirisha, akaona mistari iliyofutwa. Nundu ilichorwa katikati, ikafutwa. Ikachorwa kushoto, ikafutwa. Ndipo ikachorwa kulia, mahali ilipo katika gari lenyewe, kwa sababu huko ndiko zilikojitokeza kabureta za injini. Anayenakili huikuta nundu ipo tayari. Anayeihangaikia hivyo ni yule ambaye gari bado limo kichwani mwake.

Wataalamu walipokwenda Edmonton na kumwuliza Bwana Pell kwa nini aliihamisha nundu mara zote hizo, aliwajibu, "Injini ilikataa kuinama."

Basi makumbusho wamekubali: mchoro huu ulitangulia gari. Pigeni vigelegele, ninawaruhusu!

Inatosha. Limebaki jambo moja, nalo ndilo analolingojea Bwana Pell: je, chini ya mchoro litaandikwa jina lake, au itaandikwa kwamba mchoraji hajulikani? Wanaendelea kuulinganisha mkono wake na karatasi nyingine za kampuni. Tunaomba wasikawie, kwa kuwa miaka tisini na mmoja si umri wa kuambiwa "subiri kidogo." Hata hivyo tumekwisha kupata la kufurahia. Binti yake ameniambia kwamba juzi, kwa mara ya kwanza, alimwomba baba yake amsimulie habari za gari lile tangu mwanzo. Akasimulia mpaka chai ikapoa, naye binti hakutaka aache.

Nawashukuru Maureen, Gakii, Mama Emérence na Bwana Surjit, ambaye baba yake, sasa nakubali, alikuwa na gari.

Bwana Pell, uamuzi ukitolewa nitauandika kama ulivyo, uwe mtamu au mchungu. Barua ya kwanza itakuja kwako, kwa herufi kubwa utakazozisoma mwenyewe. Wanachama mtaandikiwa baada yake, na asinung'unike mtu.

Kwa masikio yenu na subira yenu, ilhali pilau inanukia, asanteni sana.