Klara Yeremia Ntandu na Wale Arobaini na Sita wa Langoni

Aliyelala mbele yenu ni dada yetu Klara Yeremia Ntandu, na anayewasomea ni mdogo wake, Clement. Katika wasifu huu lipo jambo ambalo baadhi ya watu waliomba lirukwe. Mume wa marehemu ameagiza lisomwe, kwa hiyo litasomwa, na atakayeona limemchoma atuvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Mei 1966 hapa hapa Ihanja, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Yeremia Ntandu na Mama Severina, ambao wote wametutangulia. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Alipofika darasa la sita alipewa kazi ya kupiga kengele, na kwa muhula mzima aliichelewesha kila asubuhi mpaka amwone rafiki yake Editha, aliyekuwa akikamua ng'ombe kwanza, anakatiza korongo. Mwalimu mkuu alipogundua alimchapa na kumnyang'anya kengele. Mpaka uzeeni Klara alikiri kwamba zile fimbo zilikuwa halali yake. Baada ya sekondari, Dodoma, alisomea uhazili Tabora na kumaliza mwaka 1986.

Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Fredrick Hango, mwalimu wa hapa kijijini. Nyumba zao zilitenganishwa na shamba moja la uwele. Fredrick alikuja kwetu kuazima jembe mara nne katika wiki moja, hadi baba akamwambia kwamba kwao majembe ni mengi kuliko kwetu, kwa hiyo aseme anachotaka. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Marehemu aliajiriwa Chuo cha Nkoloma, nje kidogo ya mji wa Singida, tarehe 1 Februari 1988 akiwa karani wa mapokezi. Mwaka 1994 alihamishiwa ofisi ya usajili, na huko ndiko alikobaki. Chuo kilipoanzisha masomo ya uzamili kwa njia ya mtandao mwaka 2020, wanafunzi wale walikabidhiwa kwake. Hakuwa amemwona hata mmoja ana kwa ana, lakini aliwajua kwa sauti na kwa shida zao. Calist wa Nduguti alilazimika kupanda juu ya mwamba ili apate mtandao, na mbuzi wake walisikika darasani kuliko yeye. Aneth wa Manyoni alisoma akiwa na mtoto mgongoni. Mtandao ulipokatika, dada aliwapigia simu mmoja mmoja kuwaeleza kilichofundishwa.

Sasa tunafika kwenye lile jambo.

Nkoloma ina desturi ya Siku ya Kurudi Chuoni. Wahitimu wa zamani hukusanyika nje ya lango na kujipanga kwa mabweni waliyolala, kisha huitwa bweni baada ya bweni na kuingia wakiimba. Mwaka huu uongozi wa chuo uliamua waliosoma mtandaoni nao waalikwe. Kamati ya wahitimu, chini ya mwenyekiti wake Mzee Lazaro Msengi, ambaye tunaye hapa leo, ilikataa waingie na msafara. Mzee Lazaro alisema kikaoni kwamba hawezi kuandamana na watu ambao hawajawahi kula maharage ya Nkoloma. Watu walicheka, lakini yeye hakuwa akitania. Alisema wakilazimishwa, mabweni yote yatabaki nyumbani.

Hapo dada alifanya kosa, na hatutalificha. Kabla suala halijaamuliwa, alikuwa amekwisha kuwaandikia wanafunzi wake kwamba wataingia kwa lango kuu kama wahitimu wengine wote. Alikuwa ameahidi kitu ambacho hakikuwa chake. Arobaini na sita walijibu kwamba wanakuja.

Wakati huo alikuwa mgonjwa. Mwezi Julai daktari alimwambia kwamba moyo wake umepanuka, akamwandikia mapumziko ya miezi mitatu. Dada aliikunja ile karatasi akaificha chini ya godoro. Shemeji Fredrick aliikuta mwishoni mwa Agosti, na ndani ya nyumba ile yenye amani kukawa na ugomvi wa siku mbili. Alimtaka awaandikie wasije, ajiuguze, kwani alibakiza miezi minane tu kustaafu.

"Mama Pendo," alimwambia, "hawa watu hujawahi hata kuwapa mkono."

"Ndiyo maana nataka niwape," dada alijibu.

Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025 walifika wote. Mabweni manne yalijipanga, na wale arobaini na sita wakasimama pembeni kwenye jua, kando ya uzio, wakiangalia viatu vyao. Hakuna aliyewaita. Dada, kama miaka yote, alikuwa mezani kwake langoni akiandikisha wageni. Aliacha kalamu, akatembea polepole hadi uzioni, akasimama mbele yao.

"Mzee Lazaro," alisema, "na mimi sijalala bweni lolote hapa. Miaka thelathini na saba nawaandika mnaoingia. Leo naingia na hawa."

Mzee Lazaro aliyaita mabweni yake, yakaingia, na lango likaachwa wazi bila neno. Dada aliwaongoza wanafunzi wake nyuma kabisa, bila wimbo. Ndani ya ukumbi hakuna aliyewasogezea kiti. Akawasimamisha ukutani, akaanza kuwaita kwa majina bila karatasi, akitaja kila mmoja alikosomea, na kila aliyeitwa akaja kumpa mkono. Alipofika jina la thelathini alikuwa ameshikilia meza iliyokuwa karibu na jasho likimtoka. Shemeji, aliyekuwa amemsindikiza, aliinuka kwenda kumkalisha, dada akamzuia kwa jicho. Aliwamaliza wote, ndipo akakaa. Mabibi wachache walioingia na mabweni walikwenda kuwasalimia wale wageni. Mzee Lazaro hakuinuka.

Jumatatu yake alilazwa. Aliugua siku tisa, akafariki dunia Jumatano tarehe 24 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Tumeumia sana, na wengine wetu tulikuwa na hasira.

Juzi Alhamisi Mzee Lazaro alikuja msibani, akaomba kwa heshima kwamba jeneza libebwe na mabweni manne kwa zamu, kama chuo kinavyowafanyia watumishi wake wa siku nyingi.

"Mzee Lazaro," Shemeji Fredrick alisema, "mke wangu atabebwa na wale mliowaacha nje. Ninyi mtafuata nyuma."

Mzee Lazaro alivua kofia, akasema, "Tutafuata." Leo amekuja na mabweni yote manne.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Fredrick Hango, watoto watatu, Pendo, Simeoni na Selina, wajukuu watano, na ndugu wanne, nami nikiwa mmoja wao.

Wale arobaini na sita, hii ndiyo zamu yenu. Piteni katikati ya watu, msiambae ukutani, mje mumchukue. Bwana ampokee dada yetu, ampumzishe palipo pema.