Pembe ya Tereré Kabla ya Hospitali

Eligio alikuwa ndani ya basi, anakwenda kutibiwa tezi dume. Alimuuliza jirani yake wa kiti, Don Fulgencio, aliyekwisha kutibiwa ugonjwa huohuo, kama inauma.

“Huchanwi, ndugu yangu. Wanapitisha kimrija kwenye njia ya mkojo. Utakojoa damu kidogo siku chache, halafu utalala usiku kucha kama mtoto.”

Akampa pembe ya ng’ombe iliyojaa tereré, kinywaji cha majani yaliyomiminiwa maji baridi. Kwao, kukataa pembe ya mtu ni kumtukana, kwa hiyo Eligio akafyonza yote.

“Kwani hawakukukataza kunywa kabla ya matibabu?” Don Fulgencio akauliza.

“Wamekataza maji, bwana. Hii ni tereré!”

“Na humo ndani kuna nini, petroli? Watakurudisha nyumbani!”

Basi likasimama hospitalini. Kimrija hakikumtisha tena Eligio; sasa alimwogopa muuguzi atakayemuuliza kama amekunywa chochote.