Ombi la Kumtoa Kobe

Benchi letu liko Chelsea, ng'ambo ya Boston, chini ya dirisha la mikate la Mama Chayo, na sisi Wasalvador tumelichakaza kuliko mvua. Mbunge ni fundi rangi. Hajawahi kuchaguliwa hata kushika bendera ya timu. Chumvi anapiga lipu, na jina kalipata kwa jinsi anavyokoleza hadithi. Mguuni amevishwa bangili inayowaambia maafisa wa uhamiaji alipo. Mimi ni Pasipoti, kwa sababu nimevuka nchi tatu na hakuna hata moja iliyonigongea muhuri. Wa nne ni Kobe, fundi wa kuezeka mapaa. Ijumaa hiyo nafasi yake ilikuwa wazi. Asubuhi maafisa walimshusha kwenye gari la kazi, penye taa za barabarani, wakaenda kumfungia ofisini kwao. Mama Chayo akampigia wakili simu. Wakili akasema anakuja, tumsubiri. Basi tukasubiri, na kabla kahawa haijapoa wote tulikuwa mawakili.

— Dawa ipo, alisema Mbunge. Linaandikwa ombi, jaji anaiambia serikali: mleteni huyo mtu hapa, mnieleze mmemfunga kwa sheria gani. Mkikosa jibu, mfungulieni.

— Nani kakwambia? akauliza Chumvi.

— Binamu yangu wa Houston. La kwake aliliandika nyuma ya boksi la piza.

— Akatoka?

— Boksi lilipokelewa.

— Mimi nasikia jaji akishasaini, ndege yao ya kuhamishia wafungwa hairuki, Chumvi akaanza kukoleza. Na kama imesharuka, inageuzwa hukohuko hewani! Wanaachiwa wote, mpaka rubani.

— Rubani naye mfungwa? nikauliza.

— Kwani yeye hajafungwa mkanda?

— Sikilizeni, vijana, Mbunge akanyanyua kikombe kama anahutubia. Haraka haraka haina baraka. Tutaandika Jumatatu, kwa utulivu.

— Jumatatu Kobe atakuwa gerezani Louisiana, kusini kabisa, nikamwambia. Ombi linapelekwa mahakama ya pale mtu alipofungiwa. Wakimsafirisha kabla halijafika, jaji wa Boston anakunja mikono.

— Kwani Louisiana hakuna majaji?

— Wapo. Mamba pia wapo.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Mbunge akahema, jicho likiwa kwenye bangili.

— Mguu wangu uache, wewe! Chumvi akauvuta chini ya benchi. Nawaambieni, Kobe akishinda wanampigia magoti. Uraia, nyumba, pensheni. Mwakani anakuwa jaji yeye mwenyewe.

— Jaji wa mabati? nikauliza.

— Unacheka? Mahakama ile inavuja!

Mama Chayo akatoa kichwa dirishani.

— Lo, nyinyi! Mngekuwa mnaezeka kwa mdomo, mji huu usingekuwa na tundu.

Tukarudi vikombeni, kwa heshima ya kahawa.

Wakili alikuja mbiombio, dada mmoja anaitwa Ivonne, kompyuta kwapani, koti amelifunga kifungo kisicho chake. Hakukaa.

— Shikamooni, wazee wangu. Ndege inaondoka saa kumi, na sasa ni saa nane na nusu. Jaji akilipata ombi kabla ya hapo, anaweza kuamuru asihamishwe. Kobe mwenyewe hawezi kusaini, sijaruhusiwa kumwona. Rafiki anaweza kusaini kwa niaba yake. Ila semeni mkijua: huyo rafiki, serikali italisoma jina lake.

Nilitarajia tungekumbuka ghafla kazi za nyumbani, mimi wa kwanza. Chumvi akanyoosha mkono.

— Nipe kalamu. Mimi nilipo wanapajua hata nikiwa chooni.

— Na mimi, alisema Mbunge, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

— Na mimi, nikasema.

Ivonne akafungua kompyuta juu ya benchi, katika nafasi ya Kobe.

— Mungu awabariki. Tuanze. Jina lake kamili nani?

— Kobe, alisema Chumvi.

— La kwenye cheti cha kuzaliwa.

— Kazini ni Wilfredo, alisema Mbunge.

— Hilo la vitambulisho vya kuazima! Mama Chayo akamkata. Kanisani ni Ndugu Moisés.

— Hilo alibatizwa nalo hapahapa Chelsea, nikasema. Siyo la kwao.

Miaka kumi na moja kwenye benchi moja! Nilijua anatia sukari vijiko vinne. Nilijua goti lake la kushoto linatabiri theluji kuliko redio, na kwamba binti yake huko nyumbani Usulután anasomea uuguzi. Jina tulimfichia ili serikali isilisikie, tukalificha hadi kwetu wenyewe.

— Kwani huko alikofungiwa hawalijui? Mama Chayo akauliza.

— Wanalijua, mama. Wamemchukua alama za vidole. Nimepiga simu mara tatu, jibu ni moja: tutajie jina lake, ndipo tukwambie kama yupo.

Mbunge akakiweka kikombe chini.

— Haya, akasema Ivonne, vidole vyake bado juu ya herufi. Tujaribu kwao. Kazaliwa kijiji gani? Nitampata mtu huko.

— Kijiji chenye ziwa, nikasema. Alikuwa akisimulia.

— Ziwa lipi?

— Yeye aliliita ziwa tu, nikasema.